Penzi na Mwiko: Namna ya Kuandika Riwaya ya Vijana Iliyozaliwa na Visasili vya Bahari

Riwaya nyingi za aina hii huishiwa pumzi mapema. Msichana anamwona kijana mwenye macho ya rangi ya maji ya kilindini, anagundua kwamba si binadamu, wanapendana, kisha mwandishi anakosa la kufanya nao. Anamleta adui, vita vinapiganwa chini ya mawimbi, mfalme wa bahari anaanguka, na penzi lenyewe linabaki pembeni kama mgeni asiyejua aketi wapi.

Ninavyoona mimi, kosa lilitendeka kabla ya sura ya kwanza. Mwandishi alichukua mkia na magamba, akauacha mwiko. Visa vya kale vya mapenzi kati ya watu na viumbe wa majini, ukivisoma kwa utulivu, vingi vimejengwa juu ya sharti moja lisilotakiwa kuvunjwa, na mmoja wa wapenzi atalivunja. Mkia ni vazi tu. Mwongozo huu unaanzia kwenye mwiko, na mengine yote yanaufuata.

Hatua ya 1: Chagua kisasili kimoja, ukisome hadi mwiko wake uonekane

Usianze na "nguva" kwa jumla, kwa sababu nguva wa jumla hana kwao. Anza na kisa kimoja cha watu fulani, soma matoleo yake mawili matatu, na uwe na kalamu mkononi. Unatafuta majibu ya maswali mawili: kimekatazwa nini, na kikivunjwa nani analipa?

Chukua selki, watu-sili wa visiwa vya Orkney na Shetland kaskazini mwa Uskoti, ambao husimuliwa pia Ayalandi na Visiwa vya Faroe. Wakiwa majini ni sili, wanyama wa baharini wanaopenda kupanda miambani kupumzika. Wakipanda nchi kavu huvua ngozi na kuwa watu, tena wazuri wa kusimuliwa. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha mwanamume aliyeikuta ngozi juu ya mwamba, akaiiba na kuificha. Mwenye ngozi hawezi kurudi kwao. Anaolewa, anazaa, na miaka inapita akiitazama bahari. Siku moja ngozi inaonekana, na mara nyingi mtoto ndiye anayeigundua na kumwuliza mama kitu hiki ni nini. Jioni ile mama hayupo.

Hebu kisome tena. Watu wamekiita kisa cha mapenzi kwa muda mrefu, lakini ni kisa cha mateka. Swali la riwaya yako limekaa hapo hapo: penzi la kweli kati ya selki na binadamu lingekuwaje? Pengine ni la mtu anayejua ngozi ilipo na asiiguse. Pengine ni la mtu aliyekwisha kuificha kwa hofu ya kuachwa, sasa anapaswa kukiri. Hizo ni riwaya mbili tofauti na zote zina nguvu.

Visiwa hivyo hivyo vya Orkney vina simulizi nyingine: mwanamke wa nchi kavu akimtaka selki wa kiume, adondoshe machozi saba baharini wakati maji yamejaa. Tazama jinsi mizani ilivyogeuka. Hapa hakuna wizi. Binadamu anaita, bahari inaitika, na mwito unadai machozi ya kweli, yaani mtu lazima awe na huzuni kabla ya kuwa na mpenzi.

Visasili vingine vina miiko ya namna nyingine. Melusine wa Ufaransa, ambaye kisa chake kiliandikwa na Jean d'Arras mwishoni mwa karne ya 14, ni wa chemchemi badala ya bahari, lakini mwiko wake unafaa sana kwa vijana: kila Jumamosi mume asimtazame. Mume akachungulia, akamwona mkewe akioga, kuanzia kiunoni kwenda chini ni nyoka. Mwiko huo ni wa faragha. Kijana yeyote aliyewahi kutakiwa na mpenzi wake atoe nywila ya simu ataelewa bila kufafanuliwa. Japani kuna ningyo, samaki-mtu ambaye mlaji wa nyama yake hazeeki. Msichana aliyeila, Yao Bikuni, anasimuliwa kuwa aliishi miaka 800, akawazika waume zake, mwishowe akawa mtawa. Hapo mwiko ni kula, na malipo ni kubaki.

Tahadhari moja hapa, na ninaisema kwa uzito. Baadhi ya hao tunaowaita "visasili" wana waumini leo. Yemoja, mungu wa maji wa Wayoruba, anaabudiwa hadi sasa, na ibada yake ilivuka Atlantiki pamoja na watu waliouzwa utumwani, ikaota mizizi Brazili na Kuba. Mami Wata, roho wa maji, naye ana madhabahu Afrika Magharibi. Ukienda huko, wasome waumini wenyewe na si wageni waliowatazama tu. Ushauri wangu: usimfanye mungu wa watu kuwa mchumba wa mhusika wako. Umba kiumbe mdogo anayeishi chini ya mamlaka yake. Utabaki na nafasi ya kubuni, na hutamkosea mtu anayepiga magoti.

Ukishachagua, andika mwiko kwa sentensi moja na uibandike mbele ya meza yako. Katika mwongozo huu nitatumia mfano wangu mwenyewe: *Selki akimwambia binadamu mahali ngozi yake ilipo, hawezi tena kuihamisha.* Hauko katika simulizi za Orkney, nimeubuni kutoka kwao. Uzuri wake ni kwamba unaifanya imani kuwa kitu chenye gharama. Wapenzi wetu tuwaite Mina, msichana wa nchi kavu, na Aro, selki.

Hatua ya 2: Mwili wa kiumbe uitii bahari

Msomaji atakubali kwamba mtu anaweza kuvua ngozi ya sili. Hatakubali kwamba Mina aliona midomo myekundu ya Aro mita 30 chini ya maji. Rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kumezwa na maji. Mita kumi na kitu tu, nyekundu inaanza kuonekana kama kijivu cha kiza, na damu itokayo kwenye jeraha la mpiga mbizi huonekana ya kijanikijani. Kuanzia mita 200 mwanga ni hafifu mno, na chini ya mita 1,000 mwanga wa jua haufiki kabisa. Ukijua hilo, unapata tukio usilolitarajia: Mina anajikata, haoni wekundu, hajui kwamba hiyo ni damu hadi Aro amshike mkono.

Sauti nayo ina maajabu yake. Majini husafiri kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Kwa kuwa inafika masikio yote mawili karibu kwa wakati mmoja, binadamu aliyezama hupata shida kubwa kujua inatoka upande gani. Wimbo wa kiumbe wako, basi, hauji kutoka kushoto wala kulia. Unakuja kutoka kila mahali, au kutoka ndani ya fuvu la anayeusikia. Hilo halihitaji uchawi, ni fizikia tu, nalo linatisha kuliko uchawi.

Kuna mengine ya kuweka kwenye daftari: kila mita 10 za kushuka zinaongeza mgandamizo sawa na uzito mzima wa hewa tunayoishi chini yake, maji hunyonya joto la mwili kama mara 25 kuliko hewa, macho ya binadamu bila miwani huona ukungu majini. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, machozi yana kama gramu 9. Bahari, kwa hiyo, ina chumvi karibu mara nne ya kilio cha mtu.

Na hili kuhusu sili, ambalo nalipenda kupita yote. Sili hawana mirija ya kupeleka machozi puani kama sisi, kwa hiyo wakiwa nchi kavu machozi huwachuruzika mashavuni muda wote. Fikiria watu wa visiwani walivyowaona viumbe wenye macho makubwa meusi, wamelala juu ya miamba, wanalia. Mpe Aro sifa hiyo. Analia kila akiwa nchi kavu, akiwa na furaha au huzuni. Mina itabidi ajifunze kuyatofautisha machozi hayo, na sura nzima ya mapenzi imepatikana bila mtu kutamka neno "nakupenda".

Hatua ya 3: Binadamu awe na shida yake kabla ya kumwona mpenzi

Mina anataka nini siku moja kabla ya kukutana na Aro? Kama jibu ni "hakuna", riwaya haina mtu wa nchi kavu, ina jicho tu linalomtazama kijana mzuri. Mpe shida inayohusiana na mwiko. Mwiko wetu ni wa siri na imani. Basi Mina awe mtu aliyewahi kutoa siri ya rafiki yake, na rafiki akaumia. Sasa anamwogopa yeyote anayetaka kumwambia jambo. Aro anapokaribia kumwambia ngozi iko wapi, hofu yake haitokani na bahari, inatokana na yeye mwenyewe.

Kuhusu umri sitazunguka. Wasomaji wako wana miaka kama 13 hadi 18, na wahusika wao wako karibu na hapo. Kiumbe mwenye miaka 300 anayemtongoza binti wa miaka 17 ni mtu mzima anayemwinda mtoto, hata kama sura yake ni ya kijana. Mfanye kiumbe awe kijana kweli: miaka yake michache, makosa ya kijana, wazazi wanaomkataza. Kadhalika weka penzi katika mkono ulioshikwa, barua, kusubiri, busu moja lililocheleweshwa. Kiu ya msomaji wa umri huo huzimwa na kukaribia kuliko kufika, na kuandika kukaribia ndiko kunakohitaji ufundi.

Hatua ya 4: Tengeneza kalenda ya maji kabla ya kupanga sura

Waandishi wengi huiruka hatua hii, na mimi naiona ndiyo inayoigeuza bahari kutoka mandhari kuwa mhusika.

Kwenye pwani nyingi za bahari kuu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika kila mzunguko wa saa 24 na dakika 50 hivi. Kutoka kujaa kumoja hadi kujaa kwingine ni kama saa 12 na dakika 25. Maana yake, kila siku maji yanachelewa kwa karibu dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa pamoja na tunapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, tofauti ni ndogo. (Chagua pwani yako kwa makini. Bahari ya Mediterania, kwa mfano, karibu haina kujaa na kupwa kwa kuonekana, na riwaya ya huko itahitaji saa nyingine: upepo, pengine.)

Sasa tazama inavyofanya kazi. Tuseme Mina na Aro hukutana kwenye fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa tu, na leo maji yamepwa kabisa saa 12 jioni. Kesho watakutana karibu saa 1 kasoro dakika 10 usiku. Keshokutwa itakuwa kiza. Wiki moja baadaye, saa ile ile ya jioni, fungu lote liko chini ya maji, na atakayefika kwa mazoea hatamkuta mtu. Baada ya wiki mbili hivi saa zinarudi zilipoanza. Hukuandika hata mstari mmoja wa njama na tayari una kuchelewa, kuongopa nyumbani, kukosana na kusubiri.

Chukua karatasi, chora siku 30. Tia alama mwezi mwandamo, mwezi mpevu, na saa ya maji kupwa kila siku. Juu yake panga matukio. Kukutana mara ya kwanza kuwe kwenye bamvua, maji yakiwa yamepwa kiasi cha kuonyesha mwamba ambao siku nyingine hauonekani. Kutoelewana kuwe wakati wa maji mafu, ambapo fungu la mchanga halijitokezi kabisa. Kilele kiwe kwenye bamvua inayofuata. Msomaji hatahesabu dakika, lakini atahisi kwamba kuna kitu kikubwa kinachopumua nyuma ya kurasa.

Hatua ya 5: Andika kukutana, na utumie ngeli

Kiswahili kinakupa hapa chombo cha ajabu, nami nasikitika ninapoona hakitumiki. Kiumbe usiyemjua ni *kitu*: kilitokeza, kilinitazama. Mtu ni *yeye*: alitokeza, alinitazama. Kati ya silabi hizo mbili kuna kukubali kwamba mwenzako ana nafsi. Usilieleze badiliko hilo. Lifanye tu.

*Kitu kilitokeza kichwa karibu na mwamba. Kilikuwa cheusi, chenye kung'aa, na hakikuondoa macho. Nilirusha jiwe dogo, si kukipiga, kukisogeza tu. Hakikusogea. Kilipumua kwa nguvu, maji yakaruka, na nikaona ananicheka.*

Msomaji anafika kwenye "ananicheka" na anarudi nyuma kuangalia ni wapi hasa Mina alivuka. Hapo ndipo penzi lilipoanza, na Mina mwenyewe hajui.

Kuna zawadi ya pili: *a-* haisemi mume wala mke. Unaweza kumweka mtu anayemchungulia Mina kutoka gizani kwa sura tatu bila kusema ni Aro, dada yake Aro, au yule jirani. Katika lugha nyingine mwandishi angelazimika kujikunja ili kuficha. Sisi tunaficha tukiwa tumesimama wima.

Kama umepanga tukio la kuokolewa majini, jua pia kwamba mtu anayezama kweli kwa kawaida hapigi kelele wala hapungi mikono. Mdomo unazama na kuibuka, pumzi ya kupiga ukelele haipo. Kuzama ni kimya. Liandike kimya, na Aro awe ndiye pekee aliyeelewa kimya kile.

Hatua ya 6: Penzi likue kwa kuaminiana, hatua kwa hatua

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, lakini katika riwaya yanatakiwa yajaribu kufichika kwa muda mrefu iwezekanavyo. Panga matukio matano au sita ambapo kila mmoja anampa mwenzake kitu kidogo kinachoweza kumdhuru: jina lake la kweli, kovu, mahali anapolala, kosa alilotenda. Kila tukio lizidi lililotangulia kwa gharama. Likirudi nyuma, lifute.

Mwisho wa ngazi hiyo ndipo mwiko unapokaa. Mimi ningeliandika hivi:

*"Usiniambie iko wapi," Mina alisema.*
*"Kwa nini?"*
*"Nikijua, huwezi tena kuihamisha."*
*"Najua." Machozi yalikuwa yakimchuruzika kama kawaida yake, na kwa mara ya kwanza Mina hakuweza kujua ni ya aina gani. "Ndiyo maana nataka ujue."*

Hakuna busu hapo, wala mwezi. Kama ngazi ulizozijenga ni imara, maneno hayo yatafanya kazi kuliko busu.

Watu wa Aro wasiwe wabaya kwa ubaya tu. Mama yake anayemkataza awe na sababu ambayo msomaji hawezi kuipinga. Historia inayo tele. Mwaka 1741 mwanasayansi Georg Steller alimwona nguva mkubwa wa Bahari ya Bering, mnyama mpole mwenye urefu wa mita nane hivi. Wawindaji wakamfuata kwa ajili ya nyama na mafuta yake. Kufikia 1768 alikuwa ametoweka duniani: miaka 27 tu tangu Steller amwone. Jamii yote ya nguva katika sayansi inaitwa Sirenia, kwa jina la Sireni wa Wagiriki, viumbe wa visasili wanaowavuta mabaharia kwa wimbo, yaani binadamu waliwapa wanyama hao jina la wachawi wa baharini, kisha aina moja wakaimaliza. Mama wa selki asiyetaka mwanawe amwamini binadamu anajua hesabu hizo. Mwache azitaje, na usimpe Mina jibu la haraka.

Hatua ya 7: Wimbo

Kama kiumbe wako anaimba, itabidi wimbo uonekane kwenye ukurasa. Kusema "aliimba wimbo mtamu usioelezeka" ni kumnyima msomaji alichokuja kukitafuta.

Rudi kwa Wagiriki. Sireni wao, kwenye vyombo vya kale vya udongo, ni ndege wenye vichwa vya wanawake. Mkia wa samaki ulikuja baadaye sana, katika Zama za Kati. Na katika utenzi wa Homer hawamwahidi baharia Odysseus mapenzi. Wanamwahidi kujua: yote yaliyotokea katika vita vya Troya, na yote yatokeayo duniani. Alijifungisha kwenye mlingoti ili ausikie wimbo bila kuufuata, kwa sababu ya tamaa ya habari. Kwa hiyo jiulize: mhusika wangu anatamani kujua nini kuliko kitu chochote? Wimbo umwahidi hicho. Mina angetaka kujua kama rafiki yake amemsamehe.

Kisha utumie vina na mizani. Msomaji wa Kiswahili anazo masikioni, na mizani nane ya utenzi hupiga kama wimbi dogo ufukweni, likija na kurudi:

*Njoo nikupe habari*
*za wazamao bahari,*
*na zilizofichwa siri;*
*njoo, usiku ni wako.*

Beti tatu zinatosha kwa riwaya nzima. Ubeti wa kwanza usikike mapema, wa pili katikati, wa tatu wakati Mina amekwisha kujua gharama yake. Hesabu mizani kwa vidole. Mshororo wenye mizani tisa unakwaruza, na wimbo unaokwaruza haumvuti mtu majini.

Hatua ya 8: Vunja mwiko, kisha lipa

Mwiko uliobandikwa juu ya meza lazima uvunjwe, na kuvunjwa kwake kutoke kwa mtu mwenye upendo. Adui akiiba ngozi, una kisa cha wizi. Lakini kaka yake Mina, anayehofu dada yake atamfuata Aro baharini, akiichukua ngozi na kuichoma nusu kabla hajagundua anachofanya, hapo kila mtu ana hatia na hakuna wa kumchukia. Na alijuaje ilipo? Mina alimwambia. Yule msichana aliyeapa kutotoa siri tena aliitoa, usiku mmoja wa hofu, kwa mtu anayemwamini. Shida ya Hatua ya 3 imerudi kudai.

Malipo yafuate sharti lako kwa ukali. Usilete mganga, hirizi au mzimu mwema ambaye hakuwepo tangu mwanzo. Ngozi iliyoungua nusu ina maana gani kwa mwili wa Aro? Lijibu hilo kwa mantiki uliyoijenga: pengine anaweza kurudi baharini lakini hawezi tena kushuka kilindini kwao; pengine akipanda nchi kavu hawezi kukaa zaidi ya kupwa kumoja. Chagua moja, ishikilie.

Miisho ya kale ni miwili: kiumbe anarudi majini moja kwa moja, au mtu anakufa. Ya kisasa hupenda ndoa. Mimi navutiwa na mwisho wa tatu, nao ni miadi. Aro anaweza kufika kwenye fungu la mchanga bamvua kwa bamvua, kwa muda wa maji kupwa, basi. Mara mbili kwa mwezi, saa chache. Mina ana umri wa miaka 17 na maisha mbele yake, hajui kama atakuja kila mara, naye Aro hajamwomba aahidi. Tumaini lipo, na msomaji anaweza kulipima kwa saa, kwa sababu ulimfundisha kalenda hiyo tangu mwanzo.

Hatua ya 9: Rasimu na kusahihisha

Andika rasimu ya kwanza bila kurudi nyuma. Maneno 50,000 hadi 80,000 ni ukubwa wa kawaida wa riwaya za vijana za aina hii. Ukiandika 500 kwa siku, utamaliza kabla ya miezi sita.

Baada ya hapo iache wiki chache, kisha isome mara tatu, kila mara kwa kazi moja. Mara ya kwanza fuata mwiko peke yake: je, umetajwa au kudokezwa kabla ya robo ya kitabu? Mara ya pili fuata maji, kalenda ikiwa mkononi, na urekebishe kila saa isiyolingana. Mara ya tatu soma mazungumzo kwa sauti. Vijana hawasemi sentensi zilizokamilika wakiwa na hofu.

Mpe msomaji mmoja wa umri wa wasomaji wako, na mwingine anayeijua bahari kwa kazi yake, mvuvi au mpiga mbizi. Usiwaulize kama wamependa. Mwulize wa kwanza ni ukurasa gani alianza kumwita Aro "yeye". Mwulize wa pili ni wapi hakuamini maji.

Majibu yao yakishafika, rudi kwenye ile sentensi iliyobandikwa mbele ya meza. Mara nyingi utagundua kwamba riwaya imeibadilisha kidogo, imeongeza neno au imepunguza. Iandike upya kama ilivyo sasa, kisha fungua sura ya kwanza na uisahihishe iendane nayo.